Suhuba na Dola Kuu

Katika mkutano wa Bunge wa Novemba 2002, hapa hapa Dodoma, wakati wakulima wa Ugogo walipokuwa wakitazama mawingu na kungojea mvua ya kupandia uwele na mtama, wawakilishi wetu waliujadili na kuupitisha Muswada wa Kuzuia Ugaidi, ambao Rais Benjamin Mkapa aliutia sahihi mwezi uliofuata, ukawa Sheria Namba 21 ya mwaka huo. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limekwisha kuyaamuru mataifa yote, kwa azimio lake namba 1373 la Septemba 2001, yatie nguvu sheria za namna hiyo. Lakini hapana aliyekuwa na shaka kwamba nyuma ya amri ile ilisimama dola moja, Marekani, iliyojaa ghadhabu kwa mashambulizi ya mwezi ule, iliyokwisha kutangaza kuwa asiyekuwa upande wake yu upande wa magaidi.

Wala msiba wa ugaidi haukuwa mgeni kwetu. Tarehe 7 Agosti 1998 lori lililosheheni baruti lililipuka katika ubalozi wa Marekani, Barabara ya Laibon, Dar es Salaam, likaua watu 11, na miongoni mwao hakuwamo Mmarekani hata mmoja. Na laiti si gari la maji lililosimama langoni, likaukinga ukuta na sehemu kubwa ya kishindo, idadi hiyo ingezidi. Kwa hiyo asemaye kwamba sheria ile tuliletewa tu kama nguo ya mtumba hasemi haki yote. Tulikuwa na wafu wetu. Swali langu la leo ni jingine: mnyonge anapofanya suhuba na jabari, ni kipi humwondokea upesi, na ni kipi humkalia nyumbani?

Pakistani ilikwisha kulijibu swali hilo kwa gharama kubwa kuliko yetu. Jenerali Pervez Musharraf, aliyekuwa mtawala wake, aliandika katika kumbukumbu zake za 2006 kwamba mkuu wake wa ujasusi aliambiwa na Richard Armitage, naibu waziri wa mambo ya nje wa Marekani, kuwa nchi ile ikikataa kusimama upande wa Marekani itapigwa mabomu hata irudi zama za mawe. Armitage akakana kuyatamka maneno hayo, lakini Musharraf alikuwa amekwisha kukubali. Zikatolewa njia za kupitishia shehena kwenda Afghanistan, ukatolewa uwanja wa ndege wa Shamsi, wakakabidhiwa watu. Mwaka 2004 Pakistani ilipewa cheo cha mshirika mkuu aliye nje ya NATO. Na mwaka 2011, mshirika huyo huyo aliamka akaambiwa kwamba makomando wa rafiki yake wamekwisha kuingia Abbottabad usiku, pasipo hodi, wakamwua Osama bin Laden na kuondoka. Novemba ya mwaka huo ndege za NATO ziliua askari 24 wa Pakistani huko Salala, na njia za shehena zikafungwa kwa muda wa miezi saba.

Sisi wa Dodoma tusiwacheke. Mjini petu upo msikiti mkubwa unaoitwa kwa jina la Muammar Gaddafi, aliyekuwa mtawala wa Libya, uliofunguliwa mwaka 2010, naye ndiye aliyewahi kupeleka askari kupigana nasi upande wa Idi Amin mwaka 1979. Ulipofunguliwa msikiti ule, Gaddafi alikuwa amekwisha kupatana na Washington na kuacha mpango wake wa silaha za maangamizi. Mwaka mmoja haukutimia, mabomu yakaanza kuanguka Tripoli.

Na uzi wa Pakistani umepita kwetu pia. Julai 2004, katika mji wa Gujrat, baada ya mapigano ya risasi ya saa nyingi, alikamatwa Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyetuhumiwa kusaidia kununua lile lori la Dar es Salaam. Pakistani ikamkabidhi kwa Marekani, naye akapitishwa katika magereza ya siri ya CIA, kisha Guantanamo, hata aliposimamishwa mbele ya mahakama ya New York. Huko Jaji Lewis Kaplan alimkataa shahidi mkubwa wa serikali, Mtanzania, kwa kuwa jina lake lilipatikana kwa kumhoji mshtakiwa kwa mabavu. Na Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama likamwondolea Ghailani mashtaka zaidi ya 280, likamtia hatiani kwa moja tu, ambalo lilitosha kumpa kifungo cha maisha. Tazama basi: mahakama ya dola kuu yenyewe iliyakataa matunda ya njia zile ambazo marafiki wadogo walitakiwa wazisaidie pasipo kuuliza.

Hidaya zilikuja, nisizikane. Februari 2008 Rais George W. Bush na Rais Jakaya Kikwete walitia sahihi Dar es Salaam mkataba wa dola milioni 698 wa Changamoto za Milenia, zikajengwa barabara, ukalazwa waya wa umeme chini ya bahari hadi Unguja. Lakini Machi 2016, baada ya uchaguzi wa marudio wa Zanzibar na malalamiko juu ya Sheria ya Makosa ya Mtandao, fungu la pili la dola milioni 472 lilisimamishwa. Mwenye mali alikuwa na hiari yake, na sababu zake hazikuwa za kipuuzi.

Ile sheria ya 2002 haikusimamishwa na mtu. Masheikh wa jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ya Zanzibar walishtakiwa kwayo mwaka 2014, wakakaa rumande pasipo dhamana hata Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka aliposema hana nia ya kuendelea. Mwezi uliofuata akakamatwa Freeman Mbowe, aliyekuwa wakati huo mwenyekiti wa chama cha upinzani cha CHADEMA, akashtakiwa kwa ugaidi, naye akaachiwa Machi 2022 kwa maneno yale yale. Katika mashauri yote mawili Marekani haikuwa mlalamikaji wala shahidi. Sheria iliyotumika ni yetu, ilipitishwa hapa, na Bunge lile lile lina uwezo wa kuirudisha mezani na kuisoma upya, kifungu kwa kifungu, katika mkutano wowote litakaoutaka.