Usiende Kusoma Kwingine Kabla ya Kutia Sahihi

Hotuba ya afisa wa habari wa kaunti kwa wanafunzi wa vyuo vikuu na wazazi wao



Nimeombwa nizungumze kuhusu mipango ya kubadilishana wanafunzi. Kwanza tuelewane. Huu si ufadhili wa kusomea shahada nzima nje. Mwanafunzi hubaki amesajiliwa katika chuo chake, huenda chuo kingine kwa muhula mmoja au mwaka, kisha hurudi kumalizia nyumbani. Kwa kawaida, vyuo vikiwa na makubaliano, hulipa karo katika chuo chake tu.

Kuvuka mpaka kutafuta elimu si jambo geni kwetu. Kati ya 1963 na 1970, nchi zetu tatu zilikuwa na Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki. Uhandisi ulisomewa Nairobi, udaktari Makerere, sheria Dar es Salaam. Jaji Mkuu mstaafu Willy Mutunga alisomea shahada yake ya kwanza ya sheria huko Dar es Salaam.

Leo nafasi zipo. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, hufanya kazi ya kulinganisha masomo ya vyuo vyetu. Ulaya wana mpango wa Erasmus ulioanza 1987, na siku hizi mwanafunzi wa Kenya anaweza kunufaika iwapo chuo chake kina makubaliano na chuo cha huko. Wala si lazima upande ndege. Basi hufika Kampala, na Mkenya huingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa.

Sasa niwaeleze yaliyonipata. Nikiwa mwaka wa tatu nikisomea uanahabari, nilienda Tanzania kwa muhula mmoja. Nilisoma masomo matano, nikapita yote. Niliporudi, idara yangu ikaniambia matatu kati ya hayo hayalingani na mtaala wetu. Niliambiwa kwa mdomo kabla ya safari kwamba yatakubaliwa, lakini sikuwa na karatasi hata moja. Nikayarudia. Wenzangu walivaa majoho, mimi nikabaki darasani. Mama alikuwa ameuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya safari yangu. Akauza wa pili kwa ajili ya mwaka ule wa ziada.

Sijutii kwenda. Kule ndiko nilikojifunza kuandika habari kwa Kiswahili anachosoma mama bila kuuliza maana, na ndiyo kazi inayonilisha leo. Ninachojutia ni yule ng'ombe wa pili.

Kwa hivyo wanafunzi, shikeni mambo matatu. Mosi, anzieni katika ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chenu, mwaka mmoja kabla. Pili, msiondoke bila mkataba wa masomo unaotaja kila somo utakalosoma na lile litakalochukua nafasi yake nyumbani, ukiwa na sahihi yako na ya vyuo vyote viwili. Mkibadilisha somo mkiwa huko, mkataba nao ubadilishwe. Tatu, fuatilieni nakala rasmi ya alama kabla ya kurudi. Kuidai ukiwa mbali ni kazi ngumu.

Nanyi wazazi, kusamehewa karo si kusamehewa gharama. Ulizeni nani atalipia nauli, malazi, chakula, bima na viza. Na akija mtu nyumbani akitaka pesa za "kumshikia mtoto nafasi", msimpe hata shilingi kabla ya kuuliza chuo chenyewe. Mpango wa kubadilishana hupitia chuo, haupitii mfukoni mwa mtu.

Watoto wetu na waende, wajifunze, warudi na masomo yao yakiwa yamehesabiwa.