Tusilale na Fulana za Kampeni

(Maneno niliyozungumza na vijana wenzangu, Lushoto mjini)

Nimepewa dakika chache nieleze biashara yangu ya nguo za kulalia. Naona huko nyuma wapo wanaocheka. Chekeni tu, ila mniambie: jana mmelala na nini? Wengi humu tumelala na fulana ya kampeni. Tena nyingine ni ya chama ambacho hatukukipigia kura!

Hapo ndipo nilipoiona biashara. Mji wetu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wajerumani waliuita Wilhelmstal, wakaupenda kwa ubaridi wake. Kuanzia Juni hadi Agosti, huku Magamba na Lukozi baridi inaingia mpaka kwenye mifupa. Gauni jepesi la kulalia linalouzika Dar es Salaam huku halimsaidii mtu. Mteja wetu anataka suruali nzito ya flana, mikono mirefu, na nguo za watoto zenye kufunika miguu.

Sasa tupige hesabu ya mfano. Suruali moja ya mtu mzima: kitambaa mita 2 na nusu kwa shilingi 4,000, ni 10,000. Lastiki na uzi 1,000. Fundi 4,000. Nauli ya mzigo 1,000. Jumla 16,000. Ukiuza 20,000 umebaki na 4,000. Suruali 20 zinataka mtaji wa 320,000 na zinakuachia 80,000. Siyo utajiri, lakini ni yako, hujamlamba mtu miguu.

Mtasema, mitumba je? Kweli, kwa bei mtumba unatushinda. Usishindane nao hapo. Shindana kwa saizi: mtumba unakuja ulivyo, wewe unampima mteja. Halafu fuata magulio, na uweke mzigo wakati wakulima wameuza karoti na kabichi zao. Anayetaka kulipa kidogo kidogo, mwandikie kwenye daftari, nguo aichukue akimaliza.

Kwa nini nayasema haya kwenye kikao cha siasa? Kwa sababu kijana asiye na kipato ananunuliwa kwa bei ya chini sana: fulana, kofia na elfu tano. Na kwa sababu nchi hii inalima pamba, sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa ghafi, halafu sisi tunanunua nguo zilizokwisha kuvaliwa na wengine. Hilo ni suala la sera, na tutaendelea kulipigia kelele.

Lakini kelele bila kudai haki iliyopo ni kazi bure. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa Aprili 2023, ikarudishwa 2024. Hiyo siyo zawadi ya mtu. Ni ushuru wa mama zetu sokoni.

Kwa hiyo msiondoke hivi hivi. Wenye cherehani, wenye kujua kushona, wenye mdomo wa kuuza, tukae pamoja tuunde kikundi, tuandike katiba yake, kisha twende kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Akitujibu vizuri, tunaanza kazi. Akituzungusha, tunaomba majibu kwa maandishi, tunampelekea diwani.

Daftari la majina ninalo hapa. Mapambano yaendelee!