Mwenye Nyumba na Leseni Yake



Tokea Malindi hata Watamu na Kilifi, wako wenye nyumba wadhanio kuwa mgeni akilala chumbani na kulipa, shauri hilo ni la watu wawili tu. Sivyo. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 imezitaja nyumba za ufukweni, nyumba za wageni, hata nyumba ya mtu apokeaye watalii kwake kwa malipo, kuwa ni biashara ipasayo kupata leseni. Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Kibali cha biashara hutolewa na Serikali ya Kaunti ya Kilifi, iliyorithi kazi za mabaraza ya zamani mwaka 2013. Kubisha milango miwili kwa nyumba moja ni taabu, na wanaonung'unika wana haki.

Lakini mpangaji wa mwezi, mvuvi au mpishi wa hoteli aliyekodi chumba mtaa wa Maweni, si mtalii. Habari yake imo katika Sheria ya Kodi za Nyumba, Sura ya 296. Ikiwa kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, mwenye nyumba hana ruhusa ya kuipandisha apendavyo, wala kumtoa mtu pasipo amri ya Baraza la Kodi. Kung'oa mlango ili mpangaji ahame kwa aibu ni kosa lenye adhabu. Vyumba vya bei hiyo sasa ni haba, kwa kuwa kiwango hicho ni cha zamani sana. Apangaye kwa shilingi 4,000 hana kinga hiyo, naye yafaa apate mapatano yaliyoandikwa kabla hajaingiza kitanda.