Lori likichemka kwenye mlima wa Ngomo

Sisi tunaozunguka na malori tunaujua mlima wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi. Moteri ikichemka pale, dereva asimame. Abiria wasimlazimishe kuendelea, wala wasiseme amepatana na majambazi. Maneno kama hayo huleta ngumi. Watu washuke, magurudumu yawekewe mawe, moteri izimwe ipoe nusu saa au zaidi.

Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe ikiwa ingali moto. Maji yamebanwa ndani, yamepita nyuzi 100, yatamrukia mtu usoni. Wala tusimwagie moteri maji baridi: chuma kitapasuka.

Ikisha kupoa, tutafute sababu. Mkanda umelegea? Pampu na feni hazizunguki vizuri; ukazwe. Matope yameziba rejeta? Yaoshwe. Mpira unavuja? Ufungwe, ndipo maji yaongezwe. Lakini mapovu yakizidi kutoka kwenye rejeta moteri inapounguruma, na oili imekuwa kama chai ya maziwa, gasketi imeungua. Hapo kumwaga maji ya kunywa ya watoto ni kuyapoteza. Familia zitafutiwe lori lingine kabla ya giza.