Uso wa Gitaa

Leo tunasema na sharika ndogo za kaskazini mashariki, Kutulo, Wajir na Garissa, na hasa na wazee wa kanisa walioombwa na vijana wanunue gitaa la umeme. Fedha hiyo hutoka katika sadaka ya mwalimu, ya muuguzi, ya askari aliye mbali na kwao. Si fedha ya kuchezea.

Gitaa jipya dukani huvutia kwa uso wake. Mbao ina mistari kama mawimbi, na vanishi yake yang'aa. Ukiligeuza kidogo, mistari yaonekana kutembea. Uzuri huo ni wa mti uitwao mepo, uotao Amerika ya Kaskazini. Nyuzinyuzi za mti zimekua kwa kujipindapinda, nazo hurudisha mwanga kila moja kwa upande wake. Lakini katika magitaa mengi ya bei nafuu mepo hiyo ni ngozi tu, haifiki unene wa milimita moja, imegandishwa juu ya mti wa kawaida. Mengine hayana hata ngozi hiyo, ni picha ya mbao iliyochapwa.

Je, huo ni udanganyifu? Tusihukumu upesi. Meza na makabati mengi majumbani mwetu yametengenezwa vivyo hivyo, na fundi asemaye wazi hakumdhulumu mtu. Dhuluma ni kuuza ngozi kwa bei ya ubao mzima.

Tena sauti haitoki katika ngozi ile. Uzi wa chuma hutikisika juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, ukazaa umeme kidogo unaokwenda kwenye amplifaya. Mmarekani Les Paul alilionyesha hilo mnamo 1940 hivi, alipofunga nyuzi juu ya gogo la msonobari la inchi nne kwa nne. Alisimulia mwenyewe kwamba watu hawakulijali mpaka alipolibandika mbavu za gitaa la kawaida. Sauti ni ile ile, mbavu ni pambo tupu! Kampuni ya Gibson ilipotoa gitaa lenye jina lake mwaka 1952, uso wa mepo ulifunikwa rangi ya dhahabu. Mwaka 1958 ndipo walipoanza kupaka rangi inayoacha mbao ionekane, na leo watu hulipa fedha nyingi mno kwa mistari ile.

Hata nabii Samweli, nyumbani kwa Yese, alikaribia kumpaka mafuta Eliabu kwa sababu ya kimo chake. Kama nabii alivutwa na umbo, kamati yetu itaponaje?

Basi acheni uso, tazameni shingo. Isimamisheni mbele ya jicho kama fundi aangaliavyo ubao: imenyoka au imepinda? Pitisheni kidole kando ya vyuma vya shingoni. Katika ukavu wa Kutulo mbao husinyaa lakini chuma hakisinyai, nacho kitatokeza na kukwaruza mkono wa mpigaji, na fundi wa magitaa yuko mbali. Kisha kijana apige wimbo mzima papo hapo dukani, na mzee mwenye mfuko wa fedha ageukie mlangoni, asikilize tu.