Fidia Iliyocheleweshwa



Hapana mtu mwenye insafu atakayekana kwamba Serikali ina mamlaka ya kutwaa ardhi ya raia kwa maslahi ya umma, kwani reli haina budi kupita mahali, na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 iliipa Serikali ya Tanzania mamlaka hayo waziwazi. Lakini Katiba, katika ibara ya 24, imepiga marufuku mtu kunyang'anywa mali yake pasipo sheria inayompa fidia inayostahili. Na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikaongeza kwamba fidia hiyo iwe kamili, ya haki, tena ilipwe kwa wakati. Sifa hii ya tatu ndiyo isahauliwayo mno, nami naiona kuwa ndiyo roho ya zile mbili.

Wala asidhani mkulima asiye na hati kwamba hayumo. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, kwa hukumu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali katika kesi ya Lohay Akonaay, iliamua kwamba haki ya ardhi ya kimila nayo ni mali inayolindwa na Katiba.

Basi tazameni mambo yanavyokwenda. Mthamini huja pamoja na mwenyekiti wa mtaa, akapima kuta, akahesabu minazi na miembe mti kwa mti, akampiga picha mwenye nyumba mbele ya mlango wake ameshika namba yake kifuani, kisha fomu ikatiwa saini. Tangu siku hiyo mtu yule huambiwa asiongeze chumba wala asipande mche wa kudumu; paa likivuja husita kuliezeka, kwa kuwa haijui siku ya kuhama; na akitaka kuiweka nyumba rehani, nani ataipokea? Ilhali viwanja vya pembezoni, ambako angelikwenda kuanza upya, bei yake yapanda mwaka hata mwaka. Wakazi wa Kipunguni, jirani na uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, walifanyiwa tathmini mwaka 1997, wakaingoja fidia kwa zaidi ya miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule alikua mtu mzima katika nyumba isiyokuwa yao wala ya Serikali. Hiyo, kwa itikadi yangu, ni dhuluma, hata kama kila senti italipwa mwishoni.

Na sheria haikulala. Kanuni zimeweka muhula wa miezi 6. Ukipita, riba huanza kuhesabiwa kwa faida ya mwenye mali. Kadhalika, sheria ya uthamini ya mwaka 2016 yasema kwamba tathmini isiyolipwa ndani ya miaka 2 hupoteza nguvu, nayo haina budi kufanywa upya. Kilichopungua ni fedha kuwa tayari kabla ya kalamu ya mthamini kugusa karatasi.

Kwa hiyo naiomba Hazina isiruhusu mthamini yeyote kutumwa mtaani pasipo fungu la fidia kutengwa kwanza. Nawe msikilizaji uliyekwisha kutia saini, itunze nakala ya fomu yako, na muhula wa miezi 6 ukipita, idai riba yako kwa maandishi.