Kukaza au Kulegeza: Mkojo Usiozuilika na Maradhi ya Tezi Dume katika Machimbo ya Osiri

Ndugu wanafunzi wa fiziotherapia, kazi ya dhahabu huko Osiri, Nyatike, inaelemea mgongo na nyonga. Wanaume huchimba wakiwa wamejikunja mashimoni na kuvuta magunia ya mawe hadi juu. Wanawake huyaponda mawe, huyabeba, kisha huinamia karai kuosha mchanga. Kila mzigo unaoinuliwa huku pumzi imebanwa hukandamiza kibofu na kuichosha misuli ya sakafu ya nyonga. Mama aliyezaa mara kadhaa akarudi mapema kubeba mawe, mkojo ukimtoka anapokohoa, anastahili tiba. Asiambiwe kwamba ndivyo uzazi ulivyo.

Tiba yake inafahamika tangu Arnold Kegel, daktari wa Marekani, alipoandika juu ya mazoezi ya kukaza misuli hiyo mwaka 1948. Mama anakaza kama anayezuia hewa isitoke nyuma, anashikilia sekunde chache, akizoea afike 10, kisha analegeza kwa muda uleule. Arudie angalau mara 8, awamu 3 kwa siku, kwa miezi 3 au zaidi. Afunzwe pia kukaza kabla ya kuinua gunia na kutoa pumzi anapoliinua.

Hofu yangu ni kwa wanaume. Mwanafunzi akisikia mkojo na nyonga hukimbilia zoezi hilohilo, kumbe prostataitisi, yaani tezi dume kuwaka au kuuma, ina makundi 4. La kwanza huja ghafla na homa, kutetemeka na mkojo kutoka kwa shida: huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo apewe antibiotiki, wala tezi isikandwe, maana bakteria huweza kumwagika kwenye damu. La pili ni maambukizi yanayorudi. La nne halina dalili. La tatu, ambalo ndilo la wagonjwa wengi, ni maumivu ya nyonga ya miezi 3 au zaidi bila bakteria kuonekana kwenye vipimo.

Hapo ndipo mikono yetu inapohitajika. Wengi wa wagonjwa hawa misuli yao imekakamaa. Ukimwambia akaze, unamzidishia maumivu. Mfundishe kupumua kwa tumbo, kunyoosha nyonga, kuchuchumaa taratibu akiwa ameshikilia kitu, na mlegeze sehemu zilizokaza. Kukaza kutafuata baadaye, endapo udhaifu utabaki.

Kwa hiyo pima kwanza. Mzee wa umri wa baba yako hatasimulia haya mbele ya foleni. Tafuta chumba chenye mlango, eleza kila hatua, omba ridhaa. "Mzee, maumivu unayasikia wapi? Ukikojoa? Ukikaa?" Mpe karatasi aandike kwa siku 3 anachokunywa na kila anapokojoa.

Damu ikionekana kwenye mkojo, apimwe hospitali, kichocho kikiwemo. Mama anayevuja mchana na usiku baada ya uchungu mrefu wa kujifungua huenda ana fistula, na fistula ni kazi ya daktari wa upasuaji. Ganzi sehemu za siri pamoja na miguu kulegea ni dharura ya uti wa mgongo. Na mzee anayedondosha matone kwa sababu kibofu kimejaa lakini hakimwagiki, tezi ikiwa imeziba njia, msimpe zoezi lolote la kukaza. Anahitaji mpira wa mkojo kwanza.